Joto la Transfoma: Namba za Kwenye Kibati Zinasema Nini?

Kila transfoma ya mtaani, iwe imepandishwa juu ya nguzo au imekaa chini ndani ya uzio, ina kibati cha chuma ubavuni mwa tangi lake. Kibati hicho hutaja nguvu yake kwa kVA, volti zinazoingia na zinazotoka, uzito, mwaka wa kutengenezwa, na mstari mmoja ambao wengi huuruka: ongezeko la joto, mara nyingi 60/65 K. Mstari huo una uzito mkubwa katika umri wa transfoma kuliko rangi yake, nchi ilikotoka au jina la aliyeitengeneza. Nao ndio unaopita bila kuulizwa pale hospitali, kiwanda, shule au mradi wa maji unaponunua transfoma kwa fedha za watu. Majibu yafuatayo ni kwa ajili ya wananchi wanaoishi jirani na mitambo hii, mafundi wanaoanza kazi, na wajumbe wa kamati za manunuzi.

Joto lenyewe linatoka wapi, wakati transfoma haina moto wala injini?

Linatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni kiini cha chuma. Chuma hicho hugeuzwa usumaku wake mara mia moja kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, na kila mgeuko hupoteza nishati kidogo kuwa joto. Joto hili lipo usiku na mchana, hata kama nyumba zote mtaani zimezima taa.

Ya pili ni koili, yaani nyaya za shaba au aluminiamu zilizozungushwa kwenye kiini. Hapa joto hufuata mkondo wa umeme, na huufuata kwa kipeo cha pili: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la koili huongezeka mara nne. Mzigo ukizidi kwa asilimia 20 tu, joto linalozalishwa kwenye koili hupanda kwa asilimia 44. Anayeelewa hesabu hii moja ataelewa kwa nini transfoma huvumilia mzigo hadi kiasi fulani, kisha huharibika upesi kuliko watu wanavyotarajia.

Kwa jumla transfoma ni mtambo mwaminifu. Transfoma ya kVA 100 iliyojaa mzigo hupoteza kati ya asilimia moja na mbili ya umeme unaopita, yaani kilowati moja hadi mbili. Lakini hizo kilowati zinazalishwa ndani ya tangi lililofungwa, na lazima zitolewe nje. Mafuta huzipokea kutoka kwenye koili, hupanda juu kwa kuwa mafuta ya moto ni mepesi, huingia kwenye mapezi au rejeta za pembeni, hupoa kwa hewa, kisha hushuka chini na kurudi kwenye koili. Mzunguko huu hauna pampu wala feni. Ndio unaoandikwa ONAN kwenye kibati: mafuta yanayojizungusha yenyewe, yakipozwa na hewa inayojizungusha yenyewe. Transfoma kubwa za vituo vya kupozea umeme huongezewa feni, na hapo huandikwa ONAF.

Sasa 60/65 K ni nini? Kwamba haipaswi kuzidi nyuzi joto 65?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Hizo si nyuzi joto za transfoma yenyewe. Ni kiasi cha juu ambacho joto lake linaruhusiwa kupanda *kuzidi hewa inayoizunguka*, ikiwa imebeba mzigo wake kamili. Herufi K ni kelvini, kipimo ambacho hatua yake moja ni sawa na hatua moja ya Selsiasi, na wahandisi hukitumia wanapotaja tofauti kati ya joto moja na jingine. Namba ya kwanza, 60, ni ya mafuta ya juu kabisa kwenye tangi. Ya pili, 65, ni wastani wa koili nzima.

Kuna namba ya tatu ambayo aghalabu haiandikwi kwenye kibati, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ndani ya koili pana sehemu moja, kwa kawaida karibu na juu, ambayo huwa ya moto kuliko sehemu nyingine. Viwango vya Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme, IEC, huruhusu sehemu hiyo kupanda hadi kelvini 78 kuzidi hewa. Viwango hivyo hivyo vinaitazama hewa ya mahali kwa namna tatu: isizidi nyuzi joto 40 wakati wowote, wastani wa mwezi wenye joto zaidi usizidi 30, na wastani wa mwaka mzima usizidi 20.

Jumlisha 20 na 78. Unapata 98. Hilo ndilo joto ambalo kiwango kinalihesabu kuwa transfoma yenye karatasi ya kawaida inazeeka kwa mwendo wake uliokusudiwa.

Kinachozeeka ni kipi? Chuma, shaba au mafuta?

Karatasi. Koili za transfoma ya mafuta huzungushiwa karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzinyuzi za mti, ikalowekwa kwenye mafuta. Karatasi hiyo ndiyo inayotenganisha waya na waya. Chuma na shaba vinaweza kukaa miaka mingi sana bila kuharibika. Mafuta yakichafuka huchujwa au hubadilishwa. Karatasi haibadilishiki ila kwa kuifumua transfoma na kuisuka upya.

Joto huikata minyororo mirefu ya selulosi inayoipa karatasi nguvu. Ikiwa mpya, kila mnyororo huwa na viungo elfu moja au zaidi. Vikibaki kama 200, karatasi huhesabiwa imefika mwisho wa maisha yake. Bado iko mahali pake na bado inazuia umeme, lakini imekauka na hukatika upesi kama jani la mgomba la kiangazi. Kuoza huko huzalisha maji, na maji hayo huharakisha kuoza kunakofuata.

Kwa hiyo transfoma iliyopikwa kwa miaka mingi haionyeshi dalili kwa nje. Inaendelea kutoa umeme vizuri hadi siku nyaya zinapogusana kwenye laini, mti unapoanguka au radi inapopiga. Mkondo mkubwa hupita kwa sekunde chache, koili hutikisika kwa nguvu, karatasi iliyokauka hupasuka, na umeme huruka kutoka waya hadi waya. Watu husema transfoma imeuawa na radi. Mara nyingi ni kweli kwamba radi ilimalizia, ila kazi ilikuwa imefanywa na joto kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Joto likizidi kidogo, hasara ni kiasi gani?

Mwaka 1930 mhandisi wa Marekani, V. M. Montsinger, alichapisha utafiti wake juu ya kuzeeka kwa karatasi hizi na kuonyesha kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi takriban nane, umri wa karatasi hupungua kwa nusu. Leo mwongozo wa IEC kwa karatasi ya kawaida hutumia hatua ya kelvini sita. Yaani kwenye nyuzi joto 98 transfoma huzeeka kwa mwendo wa moja. Kwenye 104, mara mbili. Kwenye 110, mara nne. Nao upande wa pili ni hivyo hivyo: kwenye 92 huzeeka kwa nusu ya mwendo.

Chukua hesabu hiyo uipeleke Dar es Salaam au Mombasa, ambako wastani wa joto la hewa kwa mwaka ni karibu nyuzi 26. Transfoma ya 60/65 K iliyoagizwa bila maelekezo yoyote, ikabebeshwa mzigo kamili mwaka mzima, itakuwa na sehemu ya moto ya 26 na 78, jumla 104. Itazeeka mara mbili ya mwendo uliokusudiwa, na hakuna aliyeizidishia hata ampia moja. Mtengenezaji hajadanganya, fundi hajakosea kufunga. Tofauti ni hewa tu.

Kwa bahati nzuri transfoma chache hubeba mzigo kamili saa zote 24, na saa za mzigo mdogo hufidia saa za mzigo mkubwa. Ndiyo maana zipo za miaka mingi ambazo bado zinafanya kazi pwani. Lakini kufidiwa kwa bahati si mpango, na mtaa unaokua huila nafasi hiyo mwaka hadi mwaka.

Viwango vyenyewe vimetoa njia: pale hewa ya mahali inapozidi ile ya kawaida, ongezeko linaloruhusiwa lipunguzwe kwa kiasi hicho hicho. Mnunuzi wa pwani aombe 55/60 K hivi, au chini ya hapo. India, ambako transfoma nyingi zinazofungwa Afrika Mashariki hutengenezwa, hupangia mitambo yake hewa inayofika hadi nyuzi joto 50, kwa sababu inajua majira yake ya joto. Nasi tunapaswa kuyajua ya kwetu na kuyaandika kwenye zabuni.

Basi transfoma yenye ongezeko la koili la 65 ni imara kuliko ya 55, kwa kuwa inavumilia joto zaidi?

Swali hili huulizwa hata na watu wazoefu, na jibu hutegemea namba imeandikwa kwa kiwango kipi. Kwa viwango vya IEC, transfoma mbili za kVA sawa na karatasi ya aina moja, ile ya 55 ndiyo inayopoa vizuri zaidi. Mara nyingi ina shaba nene zaidi, mafuta mengi zaidi au mapezi makubwa zaidi. Ni nzito na ni ghali kidogo, nayo huzeeka polepole. Ya 65 imebanwa vifaa.

Kwa transfoma za Marekani hadithi ni nyingine. Huko hewa huhesabiwa kwa wastani wa nyuzi 30, na 65 huambatana na karatasi iliyotiwa kemikali za kuiongezea uvumilivu wa joto. Sehemu yake ya moto inaruhusiwa kufika 110: yaani 30, jumlisha 65, jumlisha 15 za tofauti kati ya wastani wa koili na sehemu hiyo. Kwenye joto hilo viwango vyao huhesabu umri wa saa 180,000, sawa na miaka ishirini na kitu ya mzigo kamili usiokatika. Kwa hiyo 65 ya kibati kimoja na 65 ya kibati kingine zaweza kumaanisha karatasi mbili tofauti na hewa mbili tofauti. Usilinganishe namba hizo kabla ya kusoma jina la kiwango lililoandikwa juu ya kibati.

Kwa nini matatizo mengi hutokea jioni?

Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku watu wamerudi nyumbani. Taa, televisheni, pasi, majiko ya umeme, feni na viyoyozi vyote vinafanya kazi pamoja. Transfoma haipati moto papo hapo. Koili hufuata mzigo kwa dakika chache tu, lakini mafuta ni mengi na ni mazito kupashwa; kwa transfoma za mtaani huchukua muda wa saa tatu hivi kupanda sehemu kubwa ya safari yake. Uzito huo wa mafuta ndio unaoiruhusu kubeba mzigo uliozidi kwa muda mfupi bila madhara makubwa, hasa kama ilianza jioni ikiwa baridi.

Tatizo ni mzigo uliozidi unapokaa. Kwa hesabu za IEC, transfoma iliyozidiwa kwa asilimia 20 kwa muda mrefu huifikisha sehemu yake ya moto kelvini 100 hivi kuzidi hewa, badala ya 78. Hewa ya usiku wa Februari ikiwa nyuzi 28, sehemu hiyo iko kwenye 128. Ni hatua tano za kelvini sita juu ya 98. Saa moja ya namna hiyo hula umri wa saa 32. Joto likikaribia 140 hatari hugeuka sura: maji yaliyomo kwenye karatasi yanaweza kutoa mapovu ndani ya mafuta, na umeme hupenya kwenye povu kirahisi. Hapo si suala la kuzeeka tena, transfoma yaweza kufa jioni hiyo hiyo.

Fyuzi haizuii?

Fyuzi za upande wa volti kubwa huwekwa kwa ajili ya hitilafu, yaani mkondo mkubwa wa ghafla. Kwa kawaida huchaguliwa ziwe juu sana ya mzigo kamili ili zisikatike ovyo, na kwa hiyo hazioni mzigo uliozidi kwa asilimia 20 au 30. Ulinzi wa mzigo uko zaidi upande wa volti ndogo. Anayeondoa fyuzi iliyoungua na kufunga kipande cha waya mnene ili umeme urudi haraka ameondoa kizuizi cha mwisho kati ya mtaa mzima na moto. Hilo ni kosa, na aliyeliona alitolee taarifa.

Nikipita karibu naihisi ina joto, tena inanguruma. Nihame?

Kunguruma ni kwa kiini kinachonyooka na kusinyaa kidogo sana kila usumaku unapogeuka. Ni kawaida, na sauti yenyewe haipimi joto. Tangi lenye mafuta ya nyuzi 70 au 80 nalo liko ndani ya mipaka yake, ingawa mkono hauwezi kulishika. Na hupaswi kulishika kamwe.

Yapo mambo ambayo si ya kawaida: mafuta yanayotiririka kwenye tangi au kulowanisha ardhi, sauti ya kupasuka au kutokota, harufu ya kuungua, cheche kwenye viunganishi vya juu, moshi. Ukiona mojawapo, kaa mbali, wazuie watoto, na upige simu ya dharura ya shirika la umeme. Usimwage maji.

Kuna jambo ambalo majirani tunalifanya bila kujua ubaya wake, nalo ni kuizungushia transfoma mabanda. Mapezi yale yanahitaji hewa inayopita. Kibanda cha mabati kilichosogezwa hadi kwenye uzio, taka zinazochomwa chini yake, mtambaa uliopanda hadi kwenye tangi, vyote huongeza joto la hewa inayoizunguka. Na tumeshaona kila kelvini sita zina thamani gani.

Mafuta yakiibwa kidogo, si yanabaki mengine?

Wizi wa mafuta ya transfoma umelalamikiwa Kenya na Tanzania kwa miaka mingi. Madhara yake hayalingani na kiasi kilichochotwa. Mafuta yakishuka chini ya mdomo wa juu wa rejeta, mzunguko hukatika: mafuta ya moto hayana tena njia ya kuingia kwenye mapezi. Rejeta hukaa zimepoa, mtu akizitazama kwa mbali hudhani hali ni nzuri, huku koili zinaungua ndani. Sehemu ya juu ya koili, iliyokuwa ya moto kuliko zote, inaweza kubaki wazi nje ya mafuta. Mtaa hupoteza transfoma nzima kwa madumu machache.

Mafuta hayo si ya kukaangia wala ya kupaka mwilini. Transfoma za zamani zaweza kuwa na kemikali za PCB, sumu inayokaa mwilini kwa muda mrefu na inayohusishwa na saratani. Anayenunua chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya wizi anahatarisha afya yake.

Nyanda za juu kuna baridi. Huko hakuna shida?

Baridi ni neema kwa transfoma, lakini mwinuko una gharama yake. Hewa ya juu ni nyepesi na hubeba joto kidogo. Viwango vimewekwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Zaidi ya hapo ongezeko linaloruhusiwa hupunguzwa kelvini moja kwa kila mita 400 kwa transfoma za ONAN. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800, hupoteza kelvini mbili. Wastani wake wa joto kwa mwaka hauzidi 20, kwa hiyo bado ina nafuu kubwa kuliko Mombasa.

Zile kavu, zisizo na mafuta, zina daraja F na H. Ni za nini?

Hizo hufungwa ndani ya majengo, kama hospitali, hoteli na maghorofa, ambako mafuta ya kuwaka hayatakiwi. Koili zake huhamiwa kwa resini na vifaa vingine vinavyovumilia joto kuliko karatasi, na herufi hutaja joto la mwisho la vifaa hivyo: B ni 130, F ni 155, H ni 180. Daraja F huruhusiwa ongezeko la wastani la kelvini 100. Ukijumlisha hewa ya 40 na nafasi ya 15 kwa ajili ya sehemu ya moto, unapata 155.

Mnunuzi mwangalifu anaweza kuomba vifaa vya daraja H lakini ongezeko la daraja F au hata B. Atalipa zaidi mwanzoni, na atapata transfoma inayofanya kazi mbali na mpaka wake. Hata hivyo, transfoma kavu iliyofungwa kwenye chumba cha chini kisicho na tundu la hewa hujipikia hewa yake yenyewe, na daraja la H halitaiokoa. Chumba kinahitaji njia ya hewa baridi chini na ya hewa moto juu, upande wa pili.

Tunanunua transfoma ya mradi wetu. Tuandike nini kwenye zabuni?

Andikeni joto la mahali, si la kitabuni: la juu kabisa, wastani wa mwezi wenye joto zaidi, na wastani wa mwaka, kama yalivyorekodiwa na mamlaka ya hali ya hewa. Andikeni mwinuko. Tajeni ongezeko la joto mnalotaka, aina ya karatasi, na kiwango kitakachotumika. Tajeni mzigo wa leo na wa miaka kumi ijayo.

Kisha ombeni cheti cha jaribio la ongezeko la joto la muundo huo huo. Jaribio hili hufanywa kiwandani. Transfoma hupewa umeme hadi ipoteze joto lile lile ambalo ingelipoteza kazini, huachwa kwa saa nyingi hadi mafuta yaache kupanda, kisha umeme hukatwa na ukinzani wa koili hupimwa upesi. Shaba ikipata moto ukinzani wake huongezeka kwa kiasi kinachojulikana, na kwa hesabu hiyo joto la wastani la koili hupatikana bila kufungua tangi. Cheti kionyeshe namba zilizopimwa, kwa mfano mafuta 52 na koili 57, pamoja na tarehe na mahali. Neno "imefaulu" peke yake halitoshi.

Transfoma ikifika, linganisheni kibati na zabuni kabla ya kusaini mapokezi. Kama mliomba 55/60 na kibati kinasema 60/65, mmeletewa transfoma nyingine, hata kama kVA na volti ni zile zile.